Alhamisi ya Kupatanisha Orodha

Marehemu mke wangu alikuwa akinitania kwamba mimi ndiye mwanamume pekee Nakuru nzima anayekataa mandazi ya bure. Hata harusini nilikuwa nikiyasukuma kwa jirani. Sikuwahi kumweleza sababu, maana ni aibu kwa mtu mzima kuchukia chakula kwa ajili ya kumbukumbu. Sababu yenyewe ni Alhamisi. Kila Alhamisi asubuhi, katika chumba cha nyuma cha ofisi niliyoajiriwa, mpishi alileta sinia la mandazi yanayochuruzika mafuta pamoja na birika la chai. Makarani wa ofisi nne tulizunguka meza tukala, huku tukisomeana majina ya watu waliokatazwa karibu kila kitu. Mafuta ya vidole yaliingia kwenye karatasi. Ungeona jina la mtu na ukoo wake limelowa mafuta hadi linang'aa, na mwenye vidole akijilamba.

Ilikuwa katikati ya miaka ile ya Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ikipambana na wapiganaji wa msituni. Katika mji wetu kila ofisi ilikuwa na orodha yake ya watu wabaya. Polisi walikuwa na ya kwao, ya wasioruhusiwa kusafiri. Ofisi ya wilaya ilikuwa na ya watu wa kurudishwa kwenye hifadhi, yaani kule kulikosemekana kuwa ndiko kwao, hata kama walizaliwa huku Bonde la Ufa na wazazi wao wakazikwa huku. Wenye soko walikuwa na ya walionyimwa leseni ya kuuza hata kitunguu. Sisi ofisi ya kazi tulikuwa na ya wale ambao hakuna mzungu wa shamba aliyeruhusiwa kuwaandika.

Orodha hizo hazikujuana, na katika kutojuana kwao watu waliponea. Aliyekatazwa kuuza sokoni alipata kibarua cha kuchuma maua ya pareto. Aliyekatazwa kazi alipata cheti cha kusafiri, akaenda kwa shemeji yake Naivasha, akatulia. Sisi makarani wadogo tulilijua hilo na tulinyamaza, maana hata ukuta ukikosa ufa panya hufa.

Kisha akaletwa bwana mdogo kusimamia ofisi yetu. Tulimwita hivyo kwa sababu alikuwa chini ya bwana mkubwa wa wilaya, na pia kwa sababu alikuwa kijana kwelikweli, magoti mekundu, nywele kama unyoya wa kifaranga. Hakuwa mkatili. Hakupiga mtu, hakutukana, na mpishi wake alimsifu. Alichopenda duniani ni vitu kulingana. Akikuta fremu ya picha imeinama ukutani aliinyoosha kabla ya kukusalimu. Wiki yake ya pili alizileta orodha zote nne mezani, akazitazama kwa uchungu kama mtu aliyeonyeshwa kidonda, akasema kwa Kiswahili chake cha shambani, "Hapana mzuri. Orodha yote lazima patana."

Ndivyo Alhamisi ilivyozaliwa. Aliyekatazwa na mmoja alikatazwa na wote. Nyufa zilizibwa moja baada ya nyingine kwa penseli nyekundu, na nimeona katika maisha yangu watu wakifanya mabaya kwa hasira, kwa ulevi na kwa njaa, lakini sijaona baya lililonichafua roho kama lile lililofanywa kwa unadhifu.

Mkono wake wa kulia alikuwa karani mkuu wa ofisi yetu. Huyu alikuwa mtu wa kabila lilelile lililojaa kwenye orodha zetu, amesoma misheni, sweta la kijivu hata jua likiwaka, na cheti chake cha uaminifu kwa serikali kimekunjwa mfukoni karibu na moyo. Katika droo yake kulikuwa na kipande cha sabuni nyekundu ya dawa. Kila alipopokea kitabu cha pasi, kile cha utambulisho, kutoka mkononi mwa mtu wa shamba, mtu ambaye angeweza kuwa mjomba wake, alikwenda nje kwenye pipa akanawa hadi kwenye viwiko. Nilikuwa namwangalia nikitamani kutema mate. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikuwa akinuka sabuni.

Mimi nilitoka upande wa magharibi, nikaja Nakuru kwa treni na cheti changu cha shule, nikapanga chumba kimoja kwenye mtaa wa Waafrika. Majirani zangu pande zote walikuwa wa kabila hilo, na nilijifunza lugha yao kwa watoto wao waliokuwa wakicheza mlangoni pangu. Asubuhi moja malori yalikuja yakawachukua wote, na mtaa ukawa kimya. Lugha ikanibakia mdomoni bila wa kuizungumza naye.

Sasa, bwana mdogo hakuridhika na majina. Aliona kwamba kila ofisi, ilipomwandikisha mtu, ilimuuliza pia ana watoto wangapi. Akaamuru nazo hesabu hizo zipatane. Kwa akili yake mambo yalikuwa wazi: anayetaja watoto wengi kuliko alionao anachukua unga wa ziada wa kupeleka msituni kwa wapiganaji, na anayetaja wachache anaficha kijana wake aliyekwisha kwenda huko huko. Karani mkuu alitikisa kichwa kukubali. Ningependa mkumbuke kutikisa kichwa huko.

Alhamisi ya kwanza ya agizo hilo tulimpata mama mmoja mjane, mchumaji wa pareto katika shamba lililo upande wa Bahati. Kwetu alikuwa ameandikisha idadi fulani ya watoto. Polisi walikuwa na idadi pungufu ya hiyo. Kwenye taarifa ya bwana shamba wake, mzungu mwenye shamba, kulikuwa na idadi kubwa kuliko zote. Penseli nyekundu ikazunguka jina lake, karani wa polisi akachukua andazi jingine, tukaendelea na jina linalofuata.

Maana ya ule mviringo ilikuwa hii. Posho ya unga ilisimamishwa. Kazi ilikwisha mwezi ukiisha. Yeye na watoto wake waliandikiwa nafasi kwenye lori la kwenda hifadhini, mahali ambapo hakuwa na shamba, wala ndugu, wala kaburi la kuonyesha kwamba ni kwao. Alizaliwa kwenye shamba lile lile alilochuma. Mumewe alifia hapo kwa homa ya mapafu kabla fujo hazijaanza.

Alikuja kwa miguu. Alisimama mbele ya kaunta yangu, mwanamke mfupi, mikono imekuwa ya manjano kwa maua, mtoto mgongoni, akauliza amefanya nini. Karani mkuu alikuwa pipani akinawa. Nilimwambia kwa lugha yake kwamba karatasi tatu zina hesabu tatu za watoto wake, na wakubwa wanasema anaficha mtu.

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mlevi.

"Mwanangu," akasema, "kwenu watoto huhesabiwa?"

Nikasema hapana. Ilikuwa kweli. Nyanya yangu alikuwa akinipiga kofi la mkono nikinyooshea kidole hata vifaranga.

"Basi unaniuliza nini?"

Hapo nikaelewa, na nikajiona mjinga kwa kutoelewa mapema. Watu wake hawataji idadi ya watoto wao. Kutaja ni kuita, ni kumwonyesha mwovu kilichopo ili ajue cha kupunguza. Hata katika hesabu za kale, wakifika kumi waliona afadhali waseme tisa iliyojaa. Mama akiulizwa na mwenzake husema tu wapo, Mungu anawaona. Lakini huyu aliulizwa na askari mwenye bunduki, na askari haambiwi Mungu anawaona. Akamwondolea mmoja. Bwana shamba alimuuliza akiwa ametoka zizini, na mama akamwongezea wawili. Nilipouliza kwa nini aongeze, alinijibu kwamba mtu yule alikuwa ametoka kuhesabu ng'ombe, mkono wake ulikuwa bado na moto wa kuhesabu, haufai kuguswa na idadi ya kweli. Na hesabu yetu sisi je? Akageuza uso, akasema sisi alitupa iliyomjia mdomoni.

Kila uongo ulisemwa kuwalinda watoto, na ulikuwa umewalinda kwa miaka, mradi karatasi zilikaa mbalimbali. Sisi ndio tuliozileta pamoja.

Alhamisi iliyofuata nilisema. Nilikuwa karani mdogo kuliko wote na sikutakiwa kufungua mdomo ila kusoma na kutafuna, lakini nilisimama nikamweleza bwana mdogo kuhusu mwiko huo. Alisikiliza vizuri, hilo nitampa. Kisha akamgeukia karani mkuu, kwa kuwa ndiye mwenye kabila, akamuuliza kama ni kweli.

Karani mkuu alipangusa mdomo kwa leso. Alisema huo ni upuuzi wa wazee, bwana, watu wake siku hizi ni Wakristo, na mwanamke huyo ni mwongo tu kama wengine. Alisema bila kunitazama. Nilimjua mama yake. Alikuwa akiuza viazi karibu na stesheni, na hakuna siku niliyomsikia akitaja idadi ya wajukuu zake. Nilirudisha andazi langu kwenye sinia.

Bwana mdogo akagonga meza kidogo kwa penseli, akifikiri. Kisha, kwa vile alikuwa mtu wa kupenda mambo yalingane, akamuuliza, "Wewe iko na watoto ngapi?"

Karani mkuu akaikunja leso yake mara mbili.

"Mungu amenijalia, bwana," karani mkuu akasema.

"Ngapi?"

"Si haba, bwana. Wapo wa kutosha."

Karani wa polisi alicheka hadi chai ikamtoka puani. Wa soko akaficha uso kwenye faili. Nyani haoni kundule. Sweta lote lile, sabuni yote ile, na mwiko wa bibi yake ulikuwa umekaa palepale chini ya ulimi. Hata bwana mdogo alicheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Nilidhani tumemaliza. Nilidhani atachukua raba yake na kufuta ule mviringo.

Alipomaliza kucheka akasema basi dawa ni rahisi. Walete watoto wote hapa. Atawahesabu mwenyewe, sote tuandike idadi moja, na mama huyo atatoka kwenye orodha zote nne siku hiyo hiyo. Alifurahi sana na wazo lake. Uso ulimng'aa kama wa mtoto aliyepata jibu la hesabu.

Walikuja kwa trela ya trekta la shamba, vumbi limewapaka wote rangi moja. Mama alikuwa amewapaka mafuta usoni na kuwafunga vifungo vyote vya nguo. Aliwapanga barazani, wakubwa nyuma, na yule mdogo kabisa alikuwa mgongoni mwake. Kisha alinisogelea, akafungua fundo la kanga yake. Ndani kulikuwa na maharagwe. Aliniomba nimwambie bwana kwamba kila mtoto atadondosha haragwe moja kwenye sahani, na wa mgongoni atadondoshewa, halafu bwana ahesabu maharagwe. Hesabu itakuwa ile ile, akasema. Hakuna atakayemnyooshea mtoto kitu.

Nikamweleza bwana mdogo. Nakumbuka niliomba kwa adabu zangu zote. Ilikuwa jambo dogo mno. Lingemgharimu sahani.

Karani mkuu alidakia kabla bwana hajajibu. Alikuwa hajasahau kicheko cha wiki iliyopita. Alisema tukikubali maharagwe leo, kesho wataleta mbuzi na mganga, na ofisi ya serikali itageuka kilinge. Bwana mdogo alikuna goti, akasema, "Haragwe hapana watoto. Mimi taka ona watoto."

Akapita mstarini. Alimgusa kila mtoto kichwani kwa kitako cha penseli nyekundu, taratibu, bila kumuumiza hata mmoja, akitaja idadi kwa sauti ili makarani wanne tuandike. Mama aliziba masikio. Alipofika kwa wa mgongoni, mama aligeuka ili mtoto awe mbali naye. Bwana mdogo akazunguka upande wa pili. Mama akageuka tena. Walizungukana hivyo, mtu mzima wa serikali na mwanamke mwenye mtoto, hadi karani mkuu akamshika mama mabega akamtuliza pale pale, na penseli ikafika. Huo ndio wakati pekee niliomwona karani mkuu akimgusa mmoja wao bila kukimbilia pipani papo hapo.

Idadi niliiandika. Sitaitaja hapa, na asiyejua kwa nini basi hajanisoma.

Tulikata jina lake kwenye orodha zote nne, kalamu nne kwa pamoja. Bwana mdogo alitupongeza. Mama aliposhuka ngazi alikuwa amemleta mtoto kifuani, akimpangusa utosi kwa mate, mate ya baraka, tena na tena, kama anayetafuta doa. Maharagwe aliyaacha juu ya ukuta wa baraza. Mfagizi aliambiwa ayatupe.

Posho yake ilirudi. Ninakiri nililala vizuri wiki kadhaa.

Halafu msimu wa baridi ukaja na surua. Wakati huo wafanyakazi wa mashamba walikuwa wamekusanywa kwenye vibanda vilivyobanana, vimezungushiwa seng'enge ili walinzi wawaone wote, na ugonjwa haukuhitaji hata kutembea. Sisemi penseli ilimuua mtoto yule. Watoto walikuwa wakifa kwenye kila safu ya vibanda, waliohesabiwa na wasiohesabiwa. Ninalosema ni hili, na niliona kwa macho yangu barua ya bwana shamba. Mama aliomba cheti cha kumpeleka mtoto hospitali mjini. Zamani angepata cheti kwa polisi, au angejipenyeza. Sasa palikuwa na utaratibu: mtu aliyewahi kuwa na mviringo mwekundu, hata kama umefutwa, hapewi cheti cha safari hadi ofisi zote nne zikubaliane. Na ofisi zote nne zilikutana Alhamisi tu. Aliomba Ijumaa.

Alhamisi ilipofika ombi lake lilisomwa. Hakuna aliyekuwa na pingamizi. Orodha zilipatana vizuri kabisa, na cheti kikapigwa muhuri kikatumwa shambani kwa yule ambaye hakukihitaji tena.

Ningekuwa nasimulia ili kupendeza ningeishia hapo. Lakini uchafu huwa na mkia. Mwisho wa mwezi bwana shamba alileta taarifa yake ya posho, na bwana mdogo alipoipitia aliona idadi ya shamba haifanani na yetu. Imepungua mmoja. Penseli ikazunguka jina. Akaagiza mama aletwe.

Aliletwa na mlinzi wa shamba, tukiwa mezani, sinia katikati. Alisimama mlangoni. Kanga ilikuwa imefungwa kwa mazoea kama ya mbeba mtoto, lakini mgongoni hapakuwa na kitu, imelegea tu. Hakunitazama. Bwana mdogo alimwambia karani mkuu amuulize mmoja amekwenda wapi.

Karani mkuu akauliza kwa lugha yao. Sauti yake ilikuwa ya chini kuliko kawaida.

Mama alimtazama yeye, si mzungu. Alimtazama kwenye sweta, akapanda hadi machoni.

"Muulize aliyemhesabu," akasema.

Nilisikia vizuri. Karani mkuu alisikia vizuri kunishinda, maana ilikuwa lugha ya mama yake. Alifunga kifuniko cha wino. Kisha akamgeukia bwana mdogo, akatafsiri.

"Anasema amekufa, bwana."

Bwana mdogo akasema pole, na nadhani alimaanisha. Akavuta orodha zote nne karibu yake, moja baada ya nyingine, akakata idadi ya zamani na kuandika mpya juu yake, kwa mwandiko mzuri. Akazilinganisha. Akapumua.

"Mzuri," akasema. "Sasa yote napatana." Akasukuma sinia upande wangu.